Licence yangu, leseni yao: historia ya jina la injinia linapovuka ziwa



Leo sitaandika juu ya mihogo wala mbolea. Nataka tuongee juu ya diplome, ile karatasi tunayoifunga ndani ya plastiki na kuificha chini ya godoro. Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe, kisha turudi nyuma ndani ya historia, kwa sababu historia njo ilinifundisha kwamba ile siku sikutukanwa.

Miaka miwili baada ya kolasyo yangu, nilipanda boti Kalemie mpaka Kigoma. Kulikuwa na mradi wa umwagiliaji uliotafuta « injinia wa kilimo ». Nikasema: huyo ni mimi. Nimesoma gradua miaka 3, nikaongeza miaka 2 ya lisansi, jumla 5, na juu ya karatasi yangu kumeandikwa wazi kabisa « Ingénieur agronome ». Mama yangu ameuza ndagala sokoni miaka yote hiyo kwa kulipa minervali. Tangu siku ya kolasyo haniiti tena kwa jina langu. Ananiita Injinia, hata mbele ya wageni.

Ofisini nilimkuta afisa mmoja, mwanamke wa miaka 40 hivi. Nikamwamkia kama tunavyofanya kwetu:

– Shikamoo, mama.

– Marahaba. Karibu, kaka.

Akafungua bahasha yangu. Alisoma polepole, kidole juu ya kila mstari.

– Hapa wameandika « licence ». Leseni ya nini, kaka? Ya udereva?

Sikujua kama anacheka. Nikamweleza kwamba ni masomo ya unif.

– Basi ni shahada ya kwanza?

– Hapana, mama. Ya kwanza ni gradua. Hii inakuja juu yake.

– Kwa hiyo ni shahada ya uzamili?

– Hapana pia. Hiyo kwetu inakuja nyuma ya lisansi.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali lililonimaliza:

– Na namba yako ya usajili kwenye bodi ya wahandisi ni ngapi?

– Bodi gani, mama?

Akafunga bahasha kwa adabu, akanirudishia kwa mikono miwili.

– Kaka, mtu aliyesoma mambo haya uliyosoma wewe, huku tunamwita bwana shamba. Mhandisi ni mtu mwingine.

Bwana shamba! Miaka 5 ya unif, memwari ya kurasa 80, halafu unarudi kuwa sawa na monitere wa wakati wa Wabelgiji. Nilivuka ziwa kurudi nyumbani nikiwa na hasira. Lakini hasira si jibu. Nikaanza kusoma: hili jina « injinia » limetoka wapi, nani analilinda, na nchi zilifanyaje ili injinia wa hapa akubaliwe kule? Nawapa yale niliyoyapata.

1. Mti mmoja, mizizi miwili

Jina la injinia, vile tunavyolijua leo, liko na mizizi miwili.

Mzizi wa kwanza ni wa Ufaransa. Mwaka 1747 mfalme alianzisha Paris shule ya madaraja na barabara, École des ponts et chaussées. Mwaka 1794, wakati wa mapinduzi, ikaja École polytechnique. Serikali ilihitaji barabara, madaraja na mizinga. Ikachagua vijana kwa mtihani mkali, ikawasomesha, ikawapa jina. Katika desturi hii, shule njo inamfanya mtu kuwa injinia. Siku unatoka na karatasi, jina ni lako mpaka kaburini. Ubelgiji ilifuata njia hiyo, na mwaka 1860 ikafungua Gembloux taasisi ya serikali ya kilimo. Hapo mtu aliyesoma udongo, mimea, mifugo na uchumi wa shamba anahesabiwa kuwa injinia sawa na yule wa madaraja.

Mzizi wa pili ni wa Uingereza. Kule hawakuanza na shule ya serikali. Mwaka 1818 vijana wachache walikutana London wakaunda chama, Institution of Civil Engineers. Rais wao wa kwanza, Thomas Telford, alianza maisha yake kama fundi wa kuchonga mawe. Chama kikapata hati ya mfalme mwaka 1828. Katika desturi hii ulijifunza kazi chini ya mkubwa, ukaonyesha ulichofanya, na wenzako wa kazi njo wakakupokea. Shule ilikuja nyuma, na hata leo haitoshi peke yake.

Sasa fikiria ramani yetu. Tanganyika, Kenya na Uganda zilitawaliwa na Mwingereza. Sisi, Rwanda na Burundi tulitawaliwa na Mbelgiji. Kwa hiyo mpaka unaopita katikati ya ziwa Tanganyika unagawa pia mizizi hii miwili. Tanzania leo ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mtu akimaliza chuo anasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Ili awe mhandisi mtaalamu lazima apitie mazoezi ya kazi chini ya usimamizi, na kuna mpango maalum wa miaka 3 kwa ajili hiyo. Kwetu jina linatolewa siku ya kolasyo, na toga, na picha.

Tena kuna tofauti ya neno lenyewe. Katika desturi ya Kiingereza, injinia wa kilimo ni mtu wa matrekta, mifereji, mabwawa na maghala. Yule wa mbegu, udongo na magonjwa ya mimea anaitwa mtaalamu wa kilimo, wala jina la injinia haliko juu yake. Yule mama wa Kigoma alikuwa anasoma diplome yangu kwa kamusi yake. Na mimi nilikuwa nimekuja na kamusi yangu, nikidhani dunia nzima iko na moja tu.

2. Mwaka 1933

Kuna mwaka mmoja ambao kila mwagronomia wa Kongo angepaswa kuukumbuka: 1933.

Tarehe 11 Septemba 1933, Ubelgiji ilitoa sheria ya kulinda majina ya masomo ya juu. Tangu hapo, mtu asiye na diplome ya haki hakuweza tena kujiita « ingénieur agronome ». Ufaransa ilifuata tarehe 10 Julai 1934, ikaunda tume ya majina ya injinia ambayo mpaka leo inakagua shule moja moja. Ulikuwa wakati wa shida ya uchumi, kazi zilikuwa haba, na waliosoma kweli hawakutaka kila mtu ajiite kama wao.

Mwaka uleule, tarehe 22 Desemba 1933, Ubelgiji ilianzisha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo. Makao yake makubwa yalikuwa Yangambi, kando ya mto, kilometa kama 100 kutoka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Soma tarehe hizi mbili pamoja. Kati ya Septemba na Desemba ya mwaka mmoja, Ubelgiji ilifunga jina kwa sheria, kisha ikafungua kwetu mahali ambapo wenye jina hilo watafanya kazi. Wenye jina walikuwa Wabelgiji. Wakongomani walikuwa wafanyakazi, makarani, na monitere. Aliyepanda sana aliitwa « assistant agricole », kama vile kwenye hospitali aliyepanda sana aliitwa « assistant médical ». Unaweza kujua kazi yote, lakini neno « assistant » litakaa mbele ya jina lako.

Na kazi ya Yangambi haikuwa ndogo. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walichapisha maelezo ya namna unene wa kokwa la mchikichi unavyorithiwa. Ukichanganya aina ya dura, yenye kokwa nene, na aina ya pisifera, isiyo na kokwa, unapata tenera, yenye nyama nyingi na mafuta mengi. Msingi wa mashamba makubwa ya michikichi ya Asia leo ni ugunduzi huo, na damu ya pisifera ya Yangambi imefika mpaka Malaysia. Kwa hiyo mbegu ya Kongo ilitambuliwa dunia nzima, wakati Mkongomani aliyeishika mkononi hakutambuliwa hata ndani ya kituo chenyewe.

Louvanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Mwaka 1956 ikaja ile ya serikali kule Elisabethville, na jina lake rasmi lilikuwa Chuo Kikuu cha Kongo ya Kibelgiji na cha Ruanda-Urundi. Mwaka huohuo 1956, Thomas Kanza akawa Mkongomani wa kwanza asiye padri kumaliza unif, kule Louvain. Tulipofika 1960, Wakongomani wenye diplome ya unif ungeweza kuwaweka ndani ya basi moja, na viti vingebaki.

Hapa iko jambo tunalolisahau. Wakati ule diplome ya Louvanium ilikuwa na uzito nje kwa sababu Louvain iliisimamia: programu zake zilifuata zile za Louvain, na Mbelgiji aliyesoma karatasi ile alijua kilichomo. Ni kama mtoto anayepewa mkopo dukani kwa sababu ya jina la baba yake. Mwaka 1971 Mobutu akaunganisha unif zote kuwa moja, UNAZA. Agronomia ikapelekwa Yangambi, palepale pa INEAC, na hiyo mimi naiona kuwa haki ya historia. Mwaka 1981 UNAZA ikagawanyika tena. Tulikuwa tumejitoa nyumbani kwa baba, na ilikuwa vizuri. Lakini mtu akitoka kwa baba lazima ajenge jina lake mwenyewe dukani, na hii kazi ya pili tuliiacha nusu.

Tena huyo baba mwenyewe amebadilika. Tangu miaka ya 1990 Ubelgiji ilianza kuwaita wale wa kwetu « bioingénieur ». Sisi tumebaki tunalinda neno ambalo mwenyewe ameliweka kando.

3. Namna wengine walifunga kamba

Nilifikiri nchi zinatambuliana diplome kwa sababu marais wao ni marafiki. Sivyo. Angalia Marekani na Kanada.

Marekani walianza mwaka 1932 na baraza lililokwenda kukagua programu za uinjinia, shule kwa shule: walimu ni nani, maabara yako na nini, mtihani unauliza nini. Baraza hilo lilibadilisha jina mwaka 1980 likawa ABET. Kanada waliunda bodi yao ya kukagua mwaka 1965. Mwaka 1980 wakaguzi hao wawili wakapatana: programu uliyoikagua wewe, mimi naikubali. Tazama muda: kutoka 1932 mpaka 1980 ni miaka 48. Na hao ni majirani, lugha moja, na mpaka usio na ukuta.

Mwaka 1989 ikaja ile wanayoiita Washington Accord. Walisaini sita: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand. Hong Kong ikaingia 1995, Afrika ya Kusini 1999, Japani 2005. Waliosaini si serikali. Ni mabaraza ya uinjinia yenyewe. Na mkataba unatambua programu, hautambui mtu. Ukimaliza masomo kabla baraza la nchi yako halijaingia, haukuhusu. Tena haukupi ruhusa ya kazi. Unasema tu: masomo ya huyu yako sawa na ya kwetu, msimrudishe darasani. Mambo mengine atayafuata mwenyewe, usajili, mazoezi, sheria za nchi.

Wenzangu wa agronomia, sisi tunaijua hii. Ni kama mbegu. Tangu 1924 kuko shirika la kimataifa la kupima mbegu, ISTA, na cheti chake cha rangi ya machungwa. Mnunuzi wa mbali hawezi kujua kila mkulima. Anaamini cheti kwa sababu maabara iliyopima ilikaguliwa, na sampuli ilichukuliwa kwa kanuni moja. Hakuna anayesema « huyu mkulima ni mzalendo, pokea mbegu yake hivihivi ».

Ulaya nao walihangaika. Kwa waarkitekti peke yao, sheria ya kutambuliana ilipendekezwa 1967 na kupitishwa 1985. Miaka 18 ya kubishana! Wainjinia hawakupata sheria yao maalum hata siku moja. Walichukuliwa ndani ya sheria ya jumla ya tarehe 21 Desemba 1988, iliyosema: nchi ikiona masomo yako yanatofautiana sana na ya kwake, inaweza kukudai mtihani au muda wa kujizoeza kazi. Haiwezi tu kufunga mlango bila kueleza. Mimi naipenda hii kanuni. Inakubali kwamba tofauti iko, lakini inamlazimisha mwenye mlango aitaje.

Na wale wenye mizizi ya Kifaransa? Tarehe 17 Oktoba 2008, Ufaransa na Québec walisaini patano la kutambuliana kazi nyingi, uinjinia ndani yake. Lakini hata kule neno letu linaleta matatizo. Québec kuna ordre ya wainjinia na kuna ordre nyingine ya waagronomia, kila moja na mlango wake. Mwenzangu mmoja wa promosyo alifika kule, akagonga kwa wainjinia kwa sababu diplome ilisema « Ingénieur ». Akaelekezwa kwa waagronomia. Alipoteza miezi kwa sababu ya neno moja.

4. Upande wetu wa ziwa

Sasa turudi nyumbani, Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1963, Kenya, Uganda na Tanganyika waliweka unif zao chini ya jina moja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Nyerere akawa mkuu wake. Waligawana kazi: uinjinia ulisomwa Nairobi, kilimo na udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam. Kwa hiyo kijana wa Mwanza aliyetaka kuwa injinia alienda Nairobi, na kijana wa Nairobi aliyetaka kilimo alienda Kampala. Chuo kiligawanyika 1970. Jumuiya yenyewe ikavunjika 1977. Lakini watu waliokaa kwenye benchi moja hawakufa siku ile. Waliendelea kujuana, kutahiniana, kuandikiana.

Jumuiya ikarudi kwa mkataba wa 1999. Mwaka 2009 wakasaini itifaki ya soko la pamoja, na kifungu cha 11 kinasema nchi zitambuliane masomo na taaluma. Kisha tarehe 7 Desemba 2012 bodi za wahandisi zikasaini mapatano yao. Za nani? Kenya, Tanzania na Uganda. Ni walewale watatu wa 1963! Rwanda iliingia baadaye, ikiwa imeshajenga chombo chake cha wahandisi.

Niliposoma hiyo orodha njo nikaelewa. Wino wa 2012 ulianza kukaushwa kwenye mabenchi ya 1963.

Na sisi? Tulikuwa na yetu. Tarehe 20 Septemba 1976, Zaire, Rwanda na Burundi waliunda CEPGL, kule Gisenyi. Ndani yake kulikuwa IRAZ, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, kule Gitega, Burundi. Waagronomia wa nchi tatu, mzizi mmoja wa Kibelgiji, jina moja « Ingénieur agronome », wangeweza kujenga kutambuliana kwao kabla ya watu wote. Kisha ikaja 1994, ikaja 1996, na kila mtu wa eneo letu anajua yaliyofuata. Mahali watu wanaogopana, hakuna anayekwenda kukagua mtihani wa jirani.

Tarehe 29 Machi 2022 Kongo ilipokelewa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 8 Aprili ikasaini kule Nairobi, na kuanzia 11 Julai tukawa memba kamili. Tulicheza. Wengi wetu tulifikiri: sasa diplome inavuka yenyewe. Lakini serikali ikiingia ndani ya Jumuiya, injinia wake hajaingia bado ndani ya mapatano ya 2012. Yale ni ya bodi kwa bodi. Lazima upande wako kuwe na chombo kinachoweka orodha ya wenye jina, kinachokagua programu, na kinachoweza kumfuta mtu akijenga daraja likaanguka. Kumbe yule mama hakuniuliza kama Kongo ni memba. Aliniuliza namba yangu. Maana yake: nani kwenu anajibu kwa ajili yako?

5. Tuseme kweli juu yetu wenyewe

Rahisi ni kusema wenzetu wana wivu. Pengine wako nao: bodi yoyote ya kazi inalinda pia mkate wa watu wake, ilikuwa hivyo Ubelgiji mwaka 1933, iko hivyo leo. Lakini na sisi tujiangalie.

Kwetu nani si injinia? Anayetengeneza simu sokoni ni injinia. Wa A2, A1 na A0 wote wanaitwa « agronome », na kijijini hakuna anayeuliza herufi. Siwadharau wa A2, wengi wanajua shamba kuniliko. Nasema tu kwamba jina lisilo na mlinzi ni kama shamba lisilo na mpaka: kila mbuzi anaingia, halafu unashangaa jirani anakataa kukukopesha juu yake.

Na sasa tumeongeza fujo nyingine. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 LMD imeenea kwenye unif zetu. Mdogo wangu wa kike ameingia agronomia ndani ya LMD. Akimaliza miaka 3 atapewa « licence ». Mimi niko na « licence » ya miaka 5. Nyumba moja, mama mmoja, ndagala zilezile zililipa, neno moja, na tofauti ya miaka 2. LMD ililetwa ili mtu wa nje asome karatasi yetu bila shida. Lakini kwa sisi wa mfumo wa zamani, kila mwaka unaopita unafanya karatasi yetu ionekane fupi zaidi kuliko ilivyo. Afisa wa kesho wa Kigoma hataniuliza tena kama ni leseni ya udereva. Ataamua kwamba nimesoma miaka 3, atafunga bahasha.

Hii njo inaniogopesha kuliko yale ya kwanza.

6. Nini tunaweza kufanya

Siko waziri. Lakini yale historia imenifundisha, nawapa kwa ufupi.

Moja: tofautisheni milango miwili. Mlango wa masomo unasema diplome yako inalingana na kiwango gani. Tanzania ni Tume ya Vyuo Vikuu inayofanya hivyo, na kila nchi ya Jumuiya iko na ya kwake. Mlango wa kazi ni bodi ya taaluma. Karatasi ya mlango wa kwanza haifungui wa pili.

Mbili: kwenye CV, usitafsiri « ingénieur agronome » kwa neno « mhandisi » au « injinia » ukienda upande wa Kiingereza. Andika mtaalamu wa kilimo, masomo ya miaka 5 baada ya sekondari, kisha weka jina la Kifaransa lilivyo. Mtu akiona hesabu ya miaka, hawezi kuifuta.

Tatu, na hii ni kwa wa mfumo wa zamani: nenda fakulti sasa, uombe maelezo ya kila somo na saa zake, na muhuri. Maprofesa walioandika programu zile wanastaafu, wengine wanatuacha. Hiyo karatasi njo inamwonyesha mkaguzi kwamba hidroliki na umwagiliaji tulisoma, na kwa saa ngapi.

Nne, kwa chama chetu: tusiombe kutambuliwa kabla hatujakubali kukaguliwa. Tuanze na orodha ya ukweli ya wenye jina, tuanze kuongea na wenzetu wa Bujumbura na Kigali ambao karatasi zao zinasomeka kama zetu, kisha twende Arusha tukiwa na kitu mkononi. Marekani na Kanada walitumia miaka 48. Hata tukitumia 15, kuna aliyeko L1 leo atakayefaidika.

Niliporudi kutoka Kigoma, mama aliniuliza kwa nini hawakunichukua. Nikamwambia: kwa sababu ya jina, kule wananiita bwana shamba. Akacheka. Akasema ndagala zake nazo, wakifika kule wanaitwa dagaa, lakini wananunuliwa, kwa sababu watu wa kule wamezila miaka na miaka, wanazijua. Kisha akaongeza: « Na hilo jina, bwana shamba, ni baya wapi? Hakuna bwana asiyekula. » Sikuwa na jibu.

Bado ananiita Injinia. Mimi nimeanza kazi ndogo: nakusanya programu za zamani za agronomia, za kabla ya LMD, fakulti kwa fakulti. Niko nazo mbili tu. Kama wewe, au mukubwa wako, au profesa wako amehifadhi moja ndani ya kabati, usiruhusu panya waimalize. Piga picha kila ukurasa, pamoja na muhuri, na uilete kwenye chama.